Mwalimu Ugenini: Maisha ya Alexander Mackay na Gharama ya Kujitolea

Kila mwaka, wanachuo wanapokaribia kumaliza mafunzo yao, hutokea wachache wanaomwendea mkufunzi kumwuliza juu ya kufundisha kwa kujitolea katika nchi za mbali. Maswali yao karibu huwa ni yale yale: nitaishi vipi, nitapewa posho gani, nikiugua nitatibiwa wapi, na hatari za huko ni zipi. Maswali hayo ni ya haki, na mwalimu asiyejiuliza kabla ya kuondoka ni mzembe. Hata hivyo, liko swali moja ambalo sijapata kuulizwa hata mara moja tangu nianze kazi ya ukufunzi, nalo ni hili: zaidi yangu mimi, ni nani mwingine atakayelipa gharama ya kujitolea kwangu?

Swali la namna hiyo halijibiwi vizuri kwa nadharia. Afadhali tulitazame katika maisha ya mtu. Kwa hiyo makala haya yanasimulia habari za Alexander Mackay, mwalimu na fundi kutoka Scotland aliyejitolea kuja Afrika ya Mashariki mwaka 1876, akafundisha Buganda kwa karibu miaka tisa, na akafa kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1890. Wengi humjua kutokana na historia ya dini. Hapa tutamtazama hasa kama mwalimu: jinsi alivyojiandaa, jinsi alivyofundisha, na yaliyowapata wale aliowafundisha. Msomaji asitegemee sifa tupu wala lawama tupu.

Maandalizi yake

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849, katika kijiji cha Rhynie, jimbo la Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mwandishi wa vitabu vya jiografia, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani mpaka alipofikia umri wa miaka 14 hivi. Mwaka 1867 kijana huyo aliingia katika chuo cha ualimu mjini Edinburgh, akasoma huko kwa miaka miwili. Jambo hili halitajwi mara nyingi, maana watu humkumbuka zaidi kama mhandisi. Lakini kwetu sisi ni jambo la msingi. Kabla ya kujifunza kuunda mashine, Mackay alijifunza kufundisha watoto.

Baada ya hapo alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kwa ajili ya kupata ujuzi wa mikono alifanya kazi katika karakana za Leith, bandari ya mji huo. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa mjini Berlin kuwa mchoraji wa mashine. Alikuwa na kazi nzuri na kipaji kilichokwisha kuonekana. Ni vema tukumbuke hivyo, kwa sababu wako wanaodhani kwamba anayejitolea kwenda mbali ni yule aliyeshindwa kupata kazi kwao. Mackay hakuwa hivyo.

Wazo la kwenda kufundisha ng'ambo lilimjia akiwa huko Ujerumani, na nchi aliyoifikiria kwanza ilikuwa Madagaska. Ndipo mwezi wa Novemba, 1875, gazeti moja la London lilipochapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley, aliyekuwa amemtembelea Kabaka Mutesa wa Buganda mapema mwaka huo. Stanley aliwaeleza Waingereza kwamba Kabaka alikuwa tayari kupokea walimu, hasa walimu wenye kuweza kufundisha kazi za mikono pamoja na dini. Chama cha wamisionari cha Church Missionary Society kilikubali kupeleka kundi, na Mackay akaomba kuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 26, mdogo kuliko wenzake wote saba.

Lakini barua ya Stanley haikueleza mambo yote. Mutesa alikuwa mtawala mwenye busara ya siasa. Upande wa kaskazini, majeshi ya Misri yalikuwa yakisogea kufuata mto Nile, naye alitafuta marafiki na silaha za kuyazuia. Alipowaita walimu alikuwa na haja zake mwenyewe, na haja hizo hazikuwa alfabeti peke yake. Mwenyeji anayemwita mwalimu kutoka mbali mara nyingi huwa na sababu zaidi ya moja. Nyingine husemwa na nyingine husitiriwa.

Safari ya watu wanane

Katika mkutano wa kuagana, Mackay aliwaambia wazee wa chama kwamba pengine katika muda wa miezi sita wangesikia mmoja wao amekufa. Aliwaomba wasivunjike moyo habari hiyo itakapofika, bali wampeleke mwingine mara moja kushika nafasi yake. Watu wengi wamesifu ushujaa wa maneno hayo. Kilichofuata kilionyesha kwamba alikuwa amekadiria chini ya ukweli.

Aliondoka Southampton tarehe 27 Aprili, 1876, akafika Unguja mwishoni mwa mwezi wa Mei. Mwezi wa Agosti fundi mmoja wa kundi lao, James Robertson, alifariki Unguja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, daktari wao, John Smith, alifariki kusini mwa ziwa. Wengine wawili walirudishwa kwao kwa sababu ya maradhi. Desemba, 1877, Luteni Shergold Smith, kiongozi wao, na mwenzake O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Hata miaka miwili haijatimia tangu waondoke, kati ya watu wanane walikuwa wamebaki wawili tu: Mackay na mchungaji Wilson. Naye Wilson aliondoka Buganda mwaka 1879.

Habari ya Ukerewe yafaa kuelezwa zaidi kidogo. Smith na O'Neill hawakuuawa kwa ajili ya mafundisho yao, maana hawakuwa wamefundisha kitu huko. Walikuwa na shughuli na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi. Ugomvi ulipozuka kati ya Songoro na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, wageni hao walisimama upande wa Songoro, na vita ilipopigwa waliangamia pamoja naye. Waliingia katika ugomvi ambao chanzo chake hawakukifahamu vizuri.

Mackay hakuwapo huko kwa kuwa alikuwa nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1876 aliugua sana njiani, ikambidi arudi pwani. Alipopata nafuu alipewa kazi ya kufyeka njia ya magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Aliifanya kwa mashoka na majembe pamoja na vibarua wa pwani, akavuka mito na mabonde ya matope. Njia ilikamilika, lakini magari ya maksai hayakufaa kitu, kwa sababu maksai walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Hata hivyo muda huo haukupotea bure. Pwani na njiani Mackay alijifunza Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuja kumfungulia mlango wa Buganda.

Juni, 1878, alifika Kageye, upande wa kusini wa ziwa, akaikuta mizigo ya wenzake imetapakaa na mashua yao inaoza. Aliitengeneza. Kabla ya kuendelea na safari alivuka kwenda Ukerewe kuonana na Lukonge, bila silaha, akapatana naye. Halafu akasafiri pamoja na Wilson. Mashua ikavunjika kwa dhoruba katika pwani ya magharibi, wakakaa majuma manane wakiikata na kuiunda upya. Mackay alifika kwenye makao ya Kabaka huko Rubaga mwanzoni mwa Novemba, 1878, miaka miwili na nusu tangu aondoke kwao.

Barazani kwa Mutesa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Mackay alikuta watu wasiojua habari ya maandishi. Wafanyabiashara Waislamu walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840, na barazani kwa Mutesa walikuwapo watu waliojua Kiswahili na kusoma hati ya Kiarabu. Mutesa mwenyewe alikuwa mmoja wao. Zaidi ya hayo, mwalimu wa kwanza wa Kikristo katika baraza hilo hakuwa Mzungu. Alikuwa kijana Mwafrika, Dallington Maftaa, aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Unguja. Alikuwa amekuja na Stanley mwaka 1875, akaachwa huko ili amsomee Kabaka na kumwandikia. Naye alikuwa mwalimu ugenini, mbali na kwao, lakini jina lake halijulikani kama la Mackay. Twapaswa kuliweka mahali pake.

Kwa hiyo masomo ya mwanzo yalifanyika kwa Kiswahili. Siku za Jumapili Mackay alisoma barazani sehemu za Biblia zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Steere, kisha akazieleza, na mara nyingi Mutesa mwenyewe ndiye aliyewatafsiria wakuu wake kwa Kiganda. Mwalimu yeyote ataona udhaifu wa utaratibu huo. Mkalimani alikuwa mfalme, na mfalme angeweza kuongeza, kupunguza, au kunyamaza apendapo. Mackay aliutambua udhaifu huo, akajifunza Kiganda kwa bidii ili aweze kusema na watu bila kupita katika kinywa cha mtawala.

Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, miongoni mwao Padre Lourdel, walifika pia. Hapo Mackay alifanya jambo ambalo hata wanaompenda hawawezi kulisifu. Alibishana na Lourdel hadharani, mbele ya Kabaka na wakuu wake, kila mmoja akimwita mwenzake mwalimu wa uongo. Wote wawili walikuwa watu wa ukali, na wote wawili waliamini kwamba wanatetea ukweli. Mutesa alistaajabu kuona wageni wanaodai kuleta neno moja wakigombana kama mahasimu. Wanafunzi nao walisikiliza, wakachagua pande. Mbegu iliyopandwa siku zile ilikuja kuota, kama tutakavyoona.

Darasa lisilo na jengo

Barazani Mackay alifaulu kidogo. Mafanikio yake ya kweli yalikuwa katika karakana. Alijenga kiwanda kidogo chenye mivukuto, fuawe na kerezo, akatengeneza vyombo, akachimba kisima na kukifungia pampu, jambo lililowashangaza watu, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuona maji yakipanda juu. Mwaka 1882 alipofariki Namasole, mama yake Mutesa, Kabaka alimtaka Mackay aunde majeneza makubwa ya kumzikia, moja ndani ya jingine. Kazi hiyo ilimchukua majuma mengi ya jasho, naye aliifanya pamoja na mafundi wa Kiganda. Watu wakampa jina la Mzungu wa kazi.

Vijana waliotumwa na wakuu kwenda kutazama mashine walibaki kujifunza. Mmoja alivuta mivukuto, mwingine alishika nondo, na hapo hapo walisoma. Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa chapa. Pale herufi zilipokosekana alizichonga mwenyewe, akapiga chapa karatasi za alfabeti na za silabi, baadaye sala na sehemu za Injili kwa Kiganda. Mwanafunzi aliyejua ukurasa mmoja alimfundisha asiyeujua. Hakukuwa na madawati wala kengele. Katika vyuo vyetu tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba kazi ya mikono na kazi ya akili zisitenganishwe. Hapa tunaona mwalimu aliyezifunga pamoja kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Mfano mmoja waonyesha jinsi kiu ya elimu ilivyokuwa kubwa. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera, aliyekuwa mtumwa wa mtu mwingine, alimletea Mackay barua aliyoiandika mwenyewe kuomba ubatizo. Kalamu yake ilikuwa ya unyasi, na wino wake wa kujitengenezea. Machi, 1882, yeye na wenzake wanne walibatizwa, wa kwanza katika misheni hiyo, naye akachagua kuitwa kwa jina la mwalimu wake.

Katika Kiganda, kusoma kulikuja kuwa na maana ya kushika dini. Walioitwa wasomi walikuwa ni waumini, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mwanafunzi aliyejua kusoma alikuwa na bwana mwingine zaidi ya Kabaka, yaani kile kitabu. Na Buganda ilikuwa imekwisha kuona mwisho wa watu wa namna hiyo: miaka michache tu nyuma, Mutesa aliwaua vijana wengi Waislamu wa ikulu yake walioshika mafundisho yao kuliko amri yake. Mtu aliyefungua darasa katika mahali kama hapo hakuwa akigawa herufi tu.

Mwaka 1885

Mutesa alifariki Oktoba, 1884. Mwanawe Mwanga alitawala akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Wakati huo huo habari zilifika kutoka pwani kwamba Wajerumani wanachukua nchi. Mtawala mpya, asiye na mizizi bado, alianza kuwaona walimu wa kigeni kama wapelelezi, na wanafunzi wao kama watu wa wapelelezi.

Januari, 1885, Mackay na mwenzake Robert Ashe walifunga safari ya kwenda ziwani pamoja na vijana wao. Mackay alikuwa ameomba ruhusa kwa Katikiro, mkuu wa serikali ya Kabaka, akapewa. Kwa fikira zake, jambo lilikuwa halali. Njiani askari waliwazuia, wakawarudisha Wazungu na kuwakamata vijana, kwa shtaka la kuwatoa watu wa Kabaka nje ya nchi. Mackay na Ashe walikwenda huku na huko, wakaomba, wakatoa zawadi, wakawasihi wakuu. Haikusaidia. Tarehe 31 Januari vijana watatu, Kakumba, Serwanga na Lugalama, waliteswa na kuchomwa moto kando ya kinamasi cha Busega. Lugalama alikuwa bado mtoto, Mhima aliyetekwa vitani na kulelewa na wamisionari.

Yafaa tusimame hapa. Walimu wawili na wanafunzi wao walikamatwa katika njia moja, kwa shtaka moja. Walimu walirudi nyumbani kwao jioni, wanafunzi hawakurudi. Mackay hakuwa mwoga, wala hakuwatelekeza. Lakini rangi yake, taifa lake na ufundi wake vilimkinga, na kinga hiyo haikuwafikia waliomfuata. Alipowaaga wazee wa chama chake mwaka 1876 alikuwa amehesabu vifo vya walimu. Vifo vya wanafunzi havikuwamo katika hesabu hiyo.

Mambo yaliendelea kuharibika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington alikuja kwa njia ya mashariki kupitia Busoga, upande ambao Waganda waliuogopa kama mlango wa maadui. Mackay, aliyeijua hofu hiyo, alijaribu kumwonya, lakini onyo halikufika kwa wakati, naye Hannington akauawa tarehe 29 Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake. Historia huandika jina la askofu, na wapagazi huwataja kwa jumla tu. Kisha mwaka 1886 Mwanga aliwageukia wasomi wa ikulu yake, na tarehe 3 Juni kundi kubwa la vijana, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, lilichomwa moto Namugongo. Kati ya 1885 na 1887 waliouawa ambao majina yao yamehifadhiwa ni 45. Walikuwa wamegawanywa na walimu wao, lakini walikufa pamoja.

Mackay aliyabadili mafundisho yake kulingana na hatari. Aliwaambia wanafunzi wasionekane misheni mchana, akawashauri walioweza kujificha wajifiche. Karatasi zilipelekwa majumbani. Baraza la wazee wa Kiganda liliwekwa ili mafundisho yaendelee hata kama wageni wote wangefukuzwa au kufa. Huenda hatua hii ndiyo iliyokuwa ya hekima kuliko zote alizochukua, nayo ilikuja kwa kulazimishwa na msiba.

Upweke na mwisho wake

Agosti, 1886, Ashe aliondoka. Mackay alitaka kuondoka pia, lakini Mwanga alimzuia, kwa kuwa hakuwa na fundi mwingine wa namna yake. Alikaa peke yake karibu mwaka mmoja. Mchana alifanya kazi za Kabaka, yule yule aliyewaua wanafunzi wake. Usiku wasomi walimjia kwa siri, naye akaendelea kutafsiri na kupiga chapa Injili ya Mathayo. Alikuwa na homa za mara kwa mara, na barua kutoka kwao zilichukua miezi mingi. Msomaji anayewaza kujitolea autafakari mwaka huo. Wengi wako tayari kwa hatari ya ghafla, lakini ni wachache wanaojiandaa kwa upweke wa kila siku na kwa aibu ya kumtumikia mtu usiyemkubali ili kazi yako isife.

Julai, 1887, hatimaye aliondoka Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko alijenga nyumba, akasimamisha tena mtambo wake wa chapa, akaanza kuunda mashua mpya. Mwaka 1888 mapinduzi yalitokea Buganda. Mwanga aliondolewa, na muda mfupi baadaye Wakristo nao wakafukuzwa. Mwanga mwenyewe alikimbilia kusini mwa ziwa, akawa mgeni wa wamisionari Wakatoliki, akamwandikia Mackay kuomba msaada.

Stanley alipita Usambiro mwaka 1889, akamkuta Mackay akifanya kazi kama kawaida. Alimshauri aende naye pwani apumzike, lakini Mackay alikataa. Katika miezi yake ya mwisho aliandika makala akitoa shauri moja kubwa: badala ya kutawanya Wazungu wachache wachache katika vituo vingi wafie huko, vijengwe vyuo vichache mahali penye afya, na Waafrika waandaliwe humo kuwa walimu wa nchi zao. Yule kijana wa chuo cha ualimu cha Edinburgh alikuwa amerudi alikoanzia. Tarehe 8 Februari, 1890, alifariki kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 40. Katika miaka karibu 14 hakurudi kwao hata mara moja.

Upande wa pili wa hesabu

Hatuwezi kufunga habari hii bila kutaja mambo mawili mazito. Kwanza, Mackay hakuwa mwalimu tu. Katika miaka ya mwisho aliandika mara nyingi akiitaka Uingereza iingie katika nchi za ziwa, ijenge reli na kuweka nguvu yake. Alisukumwa na uchungu wa mauaji aliyoyaona, lakini matokeo yake yalikuwa ya ukoloni, na mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Waingereza. Hofu ya Mwanga kwamba nyuma ya mwalimu anakuja mtawala ilimfanya atende ukatili usiosameheka. Lakini hofu yenyewe haikuwa ndoto.

Pili, Januari, 1892, miaka miwili baada ya kifo cha Mackay, wasomi wa Kiprotestanti na wasomi wa Kikatoliki walipigana vita huko Mengo, Waprotestanti wakisaidiwa na bunduki za kampuni ya Kiingereza. Ndugu waliouawa pamoja Namugongo walikuwa na wenzao waliokuja kuuana wao kwa wao. Ubishi wa barazani wa mwaka 1879 haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwa miongoni mwa mwanzo wake. Mwalimu hafundishi kwa somo alilolipanga peke yake. Chuki zake pia husomwa, na wanafunzi huzihifadhi vizuri kuliko alfabeti.

Tujifunze nini?

Nyakati zetu si za Mackay. Leo mwalimu wa kujitolea hupanda ndege, huchanjwa, na kwa kawaida huwa na mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Pamoja na hayo, mambo manne yanatuhusu bado.

La kwanza ni maandalizi. Mackay alidumu mahali ambapo wengine hawakudumu. Bahati ilikuwamo, lakini pia alikuwa na mafunzo ya ualimu, ufundi wa mikono, na miaka miwili ya kujifunza Kiswahili kabla ya darasa la kwanza. Moyo wa kujitolea hauwezi kushika nafasi ya ujuzi.

La pili ni kuijua nchi. Waliokufa Ukerewe na aliyekufa Busoga walikuwa watu wema walioingia katika mambo wasiyoyafahamu. Mgeni aulize kwanza ni nani aliyemwita, na kwa haja gani.

La tatu ni kutogombana na walimu wengine mbele ya wanafunzi. Hili halihitaji maelezo zaidi.

La nne ndilo lile swali la mwanzo. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifundishwa hesabu na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alikuwa mwalimu hodari, nasi tulimpenda. Muda wake ulipokwisha katikati ya mwaka alituaga kwa machozi ya kweli, akapanda basi. Hakuna aliyekuwa ameandaliwa kushika darasa lake, na mtihani tuliufanya bila mwalimu. Simlaumu, alitoa alichokuwa nacho. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba anayejitolea ana mahali pa kurudi, na mwanafunzi hana.

Ndiyo maana mwanachuo akinijia na maswali ya posho na matibabu humjibu yote, kisha humwomba aandike katika karatasi majibu ya maswali mawili: huko uendako, ni nani atakayefundisha utakapoondoka? Na ikitokea hatari kwa sababu ya kuwapo kwako, ni nani asiyeweza kuondoka? Mackay aliyapata majibu hayo kwa kuchelewa, baada ya Busega: wazee wa Kiganda walioendesha mafundisho bila yeye, na shauri la vyuo vya kuwaandaa walimu wenyeji. Anayeweza kuyaandika kabla ya kufunga mizigo, na aende.